KUJIFUNZA KURUSHA NDOANO: LINDA MACHO YAKO NA YA MWENZIO

Uvuvi wa mshipi si wa kutafuta kitoweo tu. Wapo wanaoufanya kama mchezo, jinsi wengine wanavyocheza mpira. Katika Ziwa Victoria, kwenye Kisiwa cha Rubondo ambacho kimekuwa Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1977, wageni huja kupimana nguvu na sangara, samaki anayeweza kupita kilo 100. Vijana wetu nao wanapenda kujifunza. Ni jambo jema, kwani mchezo huu hutuliza akili na kufundisha subira.

Hata hivyo kuna hatari. Mvuvi wa kawaida huteremsha mshipi wake majini polepole, lakini mchezaji huurusha mbali kwa fimbo. Kabla ya kwenda mbele, ndoano hupita kwanza nyuma ya mrushaji, mahali asipopaona. Hivyo anayeumia aweza kuwa mtu mwingine kabisa, labda mtoto aliyekuja kutazama. Ndoano ikiingia jichoni, jicho laweza kupotea.

Anza nchi kavu, bila ndoano

Usianzie ziwani. Tafuta uwanja usio na watu, wala nyaya za umeme juu, maana fimbo nyingi za siku hizi hupitisha umeme. Funga chubwi ndogo ya gramu 10 mwisho wa mshipi. Weka beseni kuukuu umbali wa mita 10, liwe shabaha yako. Kisha fuata hatua hizi:

1. Acha mshipi uning'inie kama sentimita 30 kutoka ncha ya fimbo.
2. Shika mshipi kwa kidole cha shahada, kisha fungua kiwaya cha rili.
3. Geuka, tazama nyuma na pande zote. Fanya hivyo kila mara, hata kama ulitazama sasa hivi.
4. Inua fimbo hadi ipite sikio kidogo, kisha ipeleke mbele kwa kiwiko na kiganja. Usitumie nguvu za bega, litakuuma usiku.
5. Fimbo ikielekea mbele na juu kidogo, achia kidole. Ukiwahi kuachia, chubwi itapaa juu. Ukichelewa, itaanguka miguuni pako.

Ukiweza kulenga beseni mara nyingi mfululizo, ndipo ufunge ndoano. Kwanza bonyeza kwa koleo kile kijino cha ndoano kinachozuia isitoke. Samaki atakayerudishwa majini hataumia sana, na ndoano ikikuchoma wewe, itatoka kwa urahisi zaidi.

Vaa miwani, hata ile ya jua, na kofia pana. Watazamaji wakae mbali, wasisimame nyuma yako kamwe. Ndoano ikinasa kwenye jiwe au magugu, usiivute kwa nguvu huku ukiitazama. Mshipi hunyumbuka kama mpira. Ukiachia ghafla, chubwi na ndoano hurudi usoni kama risasi. Ni heri kukata mshipi. Ndoano hununuliwa, jicho halinunuliwi.

Ndoano ikiingia mwilini

Kata mshipi kwanza, ndoano isiendelee kuvutwa. Ikiwa imechoma ngozi kidogo tu na kijino kiko nje, itoe kwa njia ile ile iliyoingilia, osha kwa maji safi na sabuni, kisha funga kwa kitambaa safi. Ikiwa kijino kimezama, au ndoano imeingia kwenye kiungo, usoni au shingoni, usihangaike nayo. Nenda zahanati au hospitali, watakutia dawa ya ganzi kabla ya kuitoa. Uliza pia habari za chanjo ya pepopunda, hasa kama imepita miaka 5 tangu uchanjwe au hukumbuki ulichanjwa lini.

Ikiingia jichoni

Usiivute, usilikande jicho, usilioshe, wala usitie dawa yoyote, iwe ya dukani au ya miti shamba. Kata mshipi. Funika jicho kwa kikombe cha karatasi kilichokatwa, kingo zake zikae juu ya mfupa na kisiguse ndoano, kisha kibandike kwa plasta. Mgonjwa asile wala asinywe, kwani huenda atahitaji upasuaji. Mpelekeni siku hiyo hiyo kwenye hospitali yenye daktari wa macho, akiwa amekaa na kichwa kimeinuliwa.

Wapo wasemao ajali haina kinga. Hii inayo: miwani ya bei nafuu, uwanja mtupu, na mazoea ya kutazama nyuma kabla ya kurusha. Wazazi, mtoto akiomba fimbo ya kuvulia, mpeni na haya matatu pamoja nayo.