Likizo baharini: Usipande meli kabla ya kuyajua haya

Je, msomaji, umewahi kusimama kivukoni Likoni wakati wa jioni ukaiona meli ya watalii ikitoka Kilindini, taa zimewaka toka omo hadi tezi, ukajiuliza ni watu gani wale waliomo na walilipa nini?

Mimi nilijiuliza swali hilo tangu utotoni, kwani nilizaliwa ng'ambo ile ya Likoni kabla ya jamaa yetu kuhamia Nairobi. Jibu nililokuwa nalo kwa miaka mingi ni kwamba meli zile ni za wageni wazee wenye pesa zisizokwisha. Kumbe sivyo. Mkenya wa kawaida mwenye subira ya kuweka akiba anaweza kupanda meli hizo, na njia iliyo rahisi kwetu ni kwenda kwa ndege hadi Durban, Afrika Kusini. Kutoka huko, hasa kati ya Novemba na Aprili, meli kubwa za abiria hufanya safari za siku tatu, nne au zaidi kuelekea pwani ya Msumbiji na kurudi.

Sisi tulikwenda tukiwa watano: mimi, mume wangu, watoto wetu wawili na mama yangu mzazi. Tulifurahi, lakini pia tulifanya makosa yaliyotugharimu. Leo nataka kukueleza yote mawili, ili nawe ukiamua kwenda usiende kama kipofu.

Mama alikataa

Kabla ya pesa, palikuwa na jambo jingine. Mnamo Aprili 29, 1994, feri ilipinduka Mtongwe hatua chache kutoka nchi kavu, na watu 272 wakafa. Wengi walikuwa wakienda kazini asubuhi hiyo. Mama alipoteza jirani aliyekuwa kama dada yake. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena chombo chochote cha majini. Tukienda Mombasa, watu wa kwetu Likoni ndio waliovuka kuja kumwona.

Nilipomtajia habari za meli, alinitazama kama mtu aliyetukanwa. "Mwanangu, pesa zimekuzidi hata ukatafute maji ya kukuzamisha?" aliniuliza.

Nakuambia haya, msomaji, kwa sababu katika kila jamaa yuko mmoja anayeogopa maji, na mara nyingi anayo sababu. Usimcheke wala usimlazimishe. Mama tulimwachia muda wa miezi sita. Aliyemshawishi mwishowe hakuwa mimi bali mjukuu wake, aliyemwambia kuwa bila nyanya naye haendi.

Bei ya tangazo si bei ya safari

Tangazo litakuonyesha bei ya kupendeza macho. Isome polepole. Aghalabu bei hiyo ni ya mtu mmoja, ikichukuliwa kwamba mnalala wawili katika chumba kimoja. Anayetaka chumba peke yake hulipishwa zaidi, wakati mwingine karibu mara mbili. Kisha huongezwa ada za bandari, na katika meli nyingi hukatwa bakshishi ya wafanyakazi kwa kila abiria, kila siku, mtoto naye akihesabiwa.

Chakula cha kawaida kimo katika nauli, nawe utakula hadi uchoke. Lakini soda, pombe, mikahawa ya pekee, picha, kusingwa mwili na matembezi ya nchi kavu vina bei zake. Melini hakuna anayelipa kwa noti. Kila abiria hupewa kadi ambayo ndiyo ufunguo wa chumba, kitambulisho na pochi. Kwa kuwa huoni pesa zikitoka mfukoni, ni rahisi kusahau kwamba zinatoka. Watoto wetu walijua siri hiyo kabla yetu. Siku ya pili tulipata hesabu ya vinywaji na michezo ya mashine ambayo ingetosha kununua sare za shule. Uliza mapema katika ofisi ya mapokezi namna ya kuzuia kadi za watoto zisinunue kitu.

Fauka ya hayo, kumbuka nauli ya ndege hadi Durban na kurudi, pamoja na malazi ya usiku mmoja huko. Usithubutu kufika Durban siku ile ile ya meli kuondoka. Ndege ikichelewa Johannesburg, meli haitakungoja, na nauli yako imekwenda na maji.

Kuhusu majira, bei hupanda sana Krismasi inapokaribia. Shule zetu zikishafungwa mwishoni mwa mwaka, tafuta safari iliyo mapema kabla ya shamrashamra hizo.

Stakabadhi

Tangu Januari 2023, mwenye pasipoti ya Kenya anaweza kuingia Afrika Kusini kwa matembezi bila viza, hadi siku 90 kwa mwaka. Hata hivyo, pasipoti yako iwe na miezi isiyopungua sita kabla ya kuisha, na iwe na kurasa tupu, kwani utagongewa mihuri ya kutoka na kuingia.

Cheti cha chanjo ya homa ya manjano ni lazima kwa anayetoka Kenya. Usichanjwe siku moja kabla ya safari, maana cheti huanza kutambuliwa siku kumi baada ya sindano. Ukiwa na watoto, beba vyeti vyao vya kuzaliwa, na kama mzazi mmoja anabaki nyumbani, barua yake ya idhini. Kuhusu Msumbiji, pata jibu la ubalozi wake kabla ya kulipa, na usitosheke na maneno ya wakala.

Wakala wetu wa safari alituhakikishia kwamba mambo yote yako tayari. Tulipofika gatini tuligundua kuwa jina la mama katika tiketi halikulingana na lililo katika pasipoti. Tulikaa kando ya mstari kwa muda wa saa mbili huku wenzetu wakipanda. Tangu hapo, ndugu msomaji, mimi husoma kila karatasi herufi kwa herufi, na nakusihi ufanye vivyo hivyo.

Mama mja mzito naye aulize kabla ya kulipa. Kampuni nyingi hazimpokei aliyefikisha wiki 24 za mimba, na watoto wachanga walio chini ya miezi sita pia hukataliwa.

Chumba kipi?

Kuna vyumba vya ndani visivyo na dirisha, vyenye dirisha lisilofunguka, na vyenye roshani. Maoni yangu ni kwamba katika safari ya siku nne, roshani ni anasa isiyo ya lazima. Utakuwa nje kwenye sitaha karibu mchana kutwa. Cha ndani ni nafuu, ingawa giza lake ni la kaburini, na asubuhi hujui kama kumekucha. Beba kurunzi ndogo kwa ajili ya watoto.

Jambo la maana kuliko dirisha ni mahali kilipo chumba. Meli huyumba zaidi mbele, nyuma na juu. Ukitaka usingizi, omba chumba cha katikati na cha chini. Vilevile angalia kwenye ramani ya meli usije ukapewa kilicho chini ya ukumbi wa dansi.

Usibebe pasi ya nguo wala jiko la umeme. Vitachukuliwa mlangoni, kwa sababu moto melini ni adui mkubwa. Mizigo mikubwa huletwa chumbani saa kadhaa baada ya kupanda, kwa hivyo dawa, stakabadhi na nguo za kuogelea ziwe katika mkoba wa mkononi.

Honi saba fupi, moja ndefu

Sasa nifike kwenye jambo lililonigusa kuliko yote.

Kabla meli haijang'oa nanga, kila abiria hutakiwa kwenda mahali pake pa kukutania wakati wa hatari. Hapo huonyeshwa namna ya kuvaa jaketi la kujiokolea na mashua atakayopanda, na kusikilizishwa ishara ya hatari, yaani honi saba fupi zikifuatwa na moja ndefu. Hii ni sheria ya kimataifa, na mizizi yake iko katika mkutano ulioitishwa baada ya meli ya Titanic kuzama mwaka 1912. Iliongezwa makali baada ya Costa Concordia kugonga mwamba kando ya kisiwa cha Giglio, Italia, mnamo Januari 13, 2012 na watu 32 wakafa. Baadhi ya abiria walikuwa wamepanda jioni ile ile, wala hawakuwa wamefundishwa lolote.

Abiria wengi huona zoezi hili kuwa usumbufu. Mama hakuliona hivyo. Alilivaa jaketi, akalivua, akamwomba yule kijana wa meli amwonyeshe tena. Kisha akahesabu viti vya mashua kwa kidole. Alipomaliza, alikaa kimya kidogo, akaniambia, "Kumbe watu hufundishwa kabla. Sisi hakuna aliyetufundisha." Usiku huo alilala vizuri kuliko mimi.

Basi usikimbilie baa wakati wa zoezi. Nenda na watoto, kisha mtembee mara moja kutoka chumbani hadi mahali penu pa kukutania, ili hata gizani mjue njia.

Bahari ikikulevya

Mimi mzaliwa wa pwani ndiye niliyelevywa na bahari. Ujuzi niliojifunza kwa machozi ni huu: dawa ya kuzuia kichefuchefu hufaa ikimezwa kabla ya kuanza kuyumba. Ukishaanza kutapika, umechelewa. Muulize daktari wako ipi inayokufaa, hasa ukiwa na maradhi mengine, kwani kumwona daktari wa melini ni ghali. Ukijisikia vibaya, toka nje, tazama upeo wa macho mahali mbingu na maji hukutana, na usisome kitu. Tangawizi, mkate mkavu na tufaha humsaidia mtu. Tumbo tupu ni adui sawa na tumbo lililojaa kupita kiasi.

Osha mikono kwa maji na sabuni kila mara kabla ya kula. Maradhi ya kuhara huenea upesi katika meli, na ile dawa ya kupaka mikononi haitoshi kuua virusi vyake. Isitoshe, zima mtandao wa simu yako pwani ikianza kupotea. Simu ikishika mawimbi ya setilaiti ya meli, dakika chache zitakula mshahara.

Nchi kavu

Safari hizi hutembelea Pomene, katika mkoa wa Inhambane, au kisiwa kidogo kiitwacho Portuguese Island, jirani na Inhaca, karibu na Maputo. Ni mchanga mweupe na maji ya kukata kiu ya macho. Hakuna gati, kwa hivyo abiria hushushwa kwa mashua ndogo. Upepo ukichafuka, nahodha hufuta ziara hiyo. Miezi ya safari ndiyo pia miezi ya vimbunga katika pwani ile, na kimbunga Idai kilichoubomoa mji wa Beira kilipiga Machi 2019. Sisi tulikosa kituo kimoja. Abiria wengine walipiga kelele wakidai pesa zao. Mimi nasema nahodha anayekataa ndiye ninayetaka kusafiri naye.

Vijana na kazi za melini

Wanafunzi wengi wataziona meli hizi wakatamani kazi. Ni tamaa nzuri, nasi tulihudumiwa na vijana kutoka Ufilipino, India na Indonesia wanaosomesha ndugu zao kwa mishahara hiyo. Lakini jihadhari na mawakala wa vichochoroni. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa mwaka 2006 unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Atalipia pasipoti, kitabu cha ubaharia na cheti cha daktari. Yeyote anayekudai zaidi ili "akuunganishe" anakula jasho la mzazi wako.

Je, inafaa?

Maoni yangu ni haya. Usikope ili uende. Karo ya shule na kodi ya nyumba vitangulie, na kama akiba haijatosha, bahari haihami. Sisi tulichanga miaka mitatu katika chama, na hata sasa nadhani mara moja inatosha.

Na ikiwa mfuko hauruhusu kabisa, usinung'unike. Panda treni hadi Mombasa, vukeni kivuko cha Likoni ambako mtembea kwa miguu halipi kitu, kisha mkodi mashua kwa saa moja jioni. La muhimu ni kwamba kabla ya kuketi umuulize mwenye chombo: Majaketi yako wapi? Yanatosha watu wote? Na ya watoto? Akikosa jibu, shuka.

Maswali hayo si yangu. Ni ya mama. Miezi miwili baada ya kurudi, alivuka Likoni kwa feri akaenda kuwasalimu watu wake, na kitu cha kwanza alichofanya alipoingia ni kumwendea mfanyakazi wa feri na kumuuliza hayo.