Waliovuka Rusumo hawakuwa mtu mmoja

Kati ya Aprili 28 na 29, 1994, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo wakitoka Rwanda, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na kuingia wilayani Ngara. Walikuja na magodoro kichwani, masufuria mkononi na watoto mgongoni. Chini ya daraja hilo Mto Kagera ulikuwa ukishusha maiti kuelekea Ziwa Victoria. Kando ya barabara lundo la mapanga lilizidi kukua, kwa kuwa askari wetu walikuwa wakiwanyang'anya silaha wanaoingia. Ilichukua siku moja tu eneo la Benaco, lililopata jina lake kutokana na kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara, kugeuka makazi makubwa kuliko miji mingi ya Tanzania ya wakati ule.

Sidhani kama kuna mahali pengine nchini mwetu palipotupa mtihani mgumu kama huo wa kumpima binadamu. Ndani ya umati ule alikuwemo mama ambaye hakumgusa mtu. Walikuwemo watoto wasiojua kwa nini wanakimbia. Alikuwemo kijana aliyepewa rungu mbele ya wenzake na kuambiwa achague kupiga au kupigwa, na alikuwemo aliyempa rungu hilo. Wengine walikuwa pande zote mbili: ushahidi uliosikika Rwanda miaka iliyofuata ulionyesha watu waliomficha jirani Mtutsi nyumbani kwao, kisha wakatoka na kundi kwenda kuwaua wengine. Wote hao walipanga foleni moja ya maji na kupokea mahindi kutoka gunia moja.

Dunia iliwatazama kwanza kwa huruma, lakini ilikuwa huruma isiyouliza maswali. Mashirika yalipofika, yaliona watu waliochoka na wenye njaa, na kweli walikuwa na njaa. Ili kugawa chakula haraka, kambi ilipangwa kwa kufuata komuni, yaani maeneo ya utawala ya Rwanda, walizotoka wakimbizi, na viongozi wa komuni hizo wakaachiwa orodha za majina na ugawaji. Kwa hiyo baadhi ya waliopanga mauaji kule ng'ambo wakaendelea kuwa wakubwa wa watu walewale huku Ngara. Jean-Baptiste Gatete, aliyewahi kuiongoza komuni ya Murambi, alikuwa mmoja wao. Juni 1994 ilipojaribiwa kumwondoa Benaco, maelfu ya watu waliwazingira wafanyakazi wa misaada wakiwa na mapanga na marungu, na huduma zikasimama. Ilipita miaka mingi kabla hajakamatwa, mwaka 2002, huko Kongo-Brazzaville. Mwaka 2011 mahakama ya Umoja wa Mataifa jijini Arusha ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari.

Kumwona kila mkimbizi kuwa mnyonge tu kuliwapa kivuli wauaji. Wakati huohuo kuliwadhulumu wasio na hatia, kwa sababu hao ndio waliobaki chini ya mikono ya viongozi wale na kutishwa kila walipotaja habari ya kurudi kwao.

Kwa upande wa wenyeji, mambo yalikuwa na sura nyingi. Wahangaza wa Ngara wanaelewana na Warundi na Wanyarwanda bila mkalimani, na wapo waliowapokea wageni nyumbani kabla hata ya hema la kwanza kusimama. Baadaye wakimbizi wakawazidi wenyeji wa wilaya kwa idadi. Miti ikakatwa kwa ajili ya kuni, ndizi zikaibwa mashambani, visima vikagombewa. Lakini pia kulikuwa na soko jipya, ajira kwenye mashirika, na vibarua waliolima shamba zima kwa ujira mdogo. Kuna wenyeji waliopoteza sana na wengine walionufaika sana. Mtu huyohuyo aliyelalamika asubuhi kuhusu mkungu wake ulioibwa angeweza mchana kumlipa mkimbizi kiasi ambacho asingethubutu kumlipa Mtanzania. Simsemi kwa ubaya. Nataka tu naye aonekane mzima, pamoja na hasara yake na faida yake.

Kisha hofu ikachukua nafasi ya huruma. Ujambazi ulienea katika mapori ya Biharamulo na Ngara, na kwa miaka mingi mabasi yakawa yakisindikizwa na polisi wenye bunduki. Lawama ikapata lafudhi. Ilitosha mtu kutamka maneno mawili kwa sauti ya ng'ambo ili atiliwe shaka. Desemba 1996 Serikali, pamoja na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ilitangaza kwamba Wanyarwanda wote warejee kwao kabla ya Desemba 31. Wengi waliogopa wakakimbilia ndani zaidi ya nchi, na askari wakawageuza. Karibu nusu milioni walivuka tena daraja lilelile. Hakuna aliyesimama kumsikiliza mmoja mmoja ili kujua nani ana sababu ya kweli ya kuogopa na nani anaikimbia sheria. Baadaye, mwaka 2013, operesheni ya Serikali iliyoitwa Kimbunga iliwafagia wahamiaji mkoani Kagera, na miongoni mwa walioguswa walikuwamo watu walioishi kwetu kwa miongo, wenye wake, waume na watoto Watanzania.

Naelewa hofu ile. Aliyevamiwa kwenye basi usiku, akalazwa kifudifudi barabarani, ana haki ya kuogopa. Hata hivyo hofu ilifanya kosa lilelile la huruma ya mwanzo: iliwaona maelfu ya watu kama mtu mmoja.

Msomaji anaweza kuniuliza kwa hasira, na ana haki: je, unataka tuwahurumie waliochinja watu kanisani? Jibu langu ni Sylvestre Gacumbitsi. Huyu aliiongoza komuni ya Rusumo, iliyopakana na Ngara, ambako Aprili 1994 maelfu waliuawa katika kanisa la Nyarubuye. Naye alivuka akaja Benaco, na mwandishi Fergal Keane wa BBC akamkuta hapo, kiongozi kati ya watu wake. Alikamatwa mwaka 2001 katika kambi nyingine ya wakimbizi, mkoani Kigoma. Pale Arusha majaji walichambua kila tuhuma na siku yake, mahali pake na shahidi wake. Juni 2004 walimkuta na hatia ya mauaji ya kimbari, uangamizaji na ubakaji, lakini wakamwondolea hatia katika shitaka la kuua na kumpa kifungo cha miaka 30. Mwaka 2006 majaji wa rufaa walipitia tena ushahidi kuhusu wanawake wawili Watutsi, wapangaji wake, aliowafukuza nyumbani usiku akijua kinachowangoja nje. Wakamtia hatiani hata kwa hilo, na kifungo kikawa cha maisha.

Kumtazama mtu kwa makini hakukumpunguzia adhabu, kulimwongezea. Walewale majaji waliompa kila nafasi ya kujieleza ndio walioweza kusema, bila kubahatisha, alichofanya.

Mwandishi Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe katika Ziwa Victoria, alilijua mapema jambo hili la kumtazama mtu kwa makini. Riwaya yake ya Rosa Mistika ilitoka mwaka 1971 na ikapigwa marufuku shuleni kwa muda kwa sababu ya mambo ambayo Rosa anayafanya. Walioifunga waliona binti aliyepotea. Kezilahabi alikuwa ametuonyesha kwanza baba yake, Zakaria, mlevi aliyempiga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana, na nyumba ambamo msichana alikatazwa bila kufundishwa. Hakumfanya Rosa awe malaika. Hata mwisho, baada ya kifo, anawafikisha mbele ya Mungu binti na baba washtakiane.

Vitabu vya mwongozo wanavyokariri wanafunzi wetu kabla ya mtihani huwamaliza watu kama Rosa na Zakaria kwa mstari mmoja: malaya, mlevi, katili. Jibu hilo linapata alama, na kijana anatoka darasani akiwa amejifunza namna ya kumfunga mtu kwa neno moja. Katika shule za Ngara na Biharamulo, ambako bado yupo mtoto anayeitwa mkimbizi ingawa alizaliwa hapahapa, hilo lina uzito wa pekee. Mwalimu wa fasihi pale Kabanga au Nyakahura anaweza kuweka mwongozo kando kwa kipindi kimoja, akawataka wanafunzi watafute ukurasa ambapo mhusika wanayemlaumu bado angeweza kusaidiwa, wamtaje aliyekuwa karibu naye siku hiyo, kisha waeleze pia ni kosa lipi hasa ambalo ni lake mwenyewe na hakuna wa kumbebea.