Mwaridi Mdogo wa Chunguni

Mwaridi mdogo, ambao nasaba yake yatoka China na ambao aghalabu hauzidi kimo cha sentimita 40, huuzwa katika kijichungu chembamba cha plastiki, na mnunuzi, akidhani amepata mche mmoja, mara nyingi huwa amechukua vipandikizi vitatu au vinne vilivyobanwa pamoja, vikinyang'anyana maji na chakula. Basi maua ya kwanza yakiisha, lowesha udongo, lichomoe donge zima la mizizi, ulitenganishe taratibu kwa vidole, na kila mche uupande katika chungu chake chenye matundu chini, ndani ya udongo tifutifu uliochanganywa na samadi iliyooza barabara. Samadi mbichi huunguza mizizi. Uweke kivulini juma moja, kisha juani, kwa uchache muda wa saa 6 kila siku. Umwagilie shinani asubuhi, udongo wa juu ukikauka, wala usirowanishe majani, yasije yakaingia madoa meusi. Chumbani, penye hewa kavu, hushambuliwa na utitiri mwekundu. Ndiyo sababu, kwa rai yangu, makazi yake ni barazani. Ua likinyauka, likate juu kidogo ya jani lenye vijani vitano, kwani hapo ndipo hutoka chipukizi lenye nguvu.