Boda ni wapi?

(Muziki unashuka.)

MTANGAZAJI: Juzi nilisoma tangazo: "Basi la kliniki litasimama boda saa tatu asubuhi." Mama mmoja na mtoto wake wakangoja kwenye steji ya pikipiki. Basi lilikuwa mpakani Malaba, likaondoka bila wao. Kosa lilikuwa langu.

Neno hili lina historia hapa kwetu. Miaka ya 1960, vijana wa Busia waliwavusha wasafiri kwa baiskeli kati ya vituo vya mpakani vya Uganda na Kenya, wakiita "boda, boda!" Baadaye zikaja pikipiki, na jina likaenea Afrika Mashariki. Leo ukitaja boda mjini Tororo, wengi wanafikiria pikipiki.

Basi sasa tunaandika hivi: pikipiki ni "bodaboda", mahali nchi mbili zinapokutana ni "mpakani". Na kwa kuwa "mpaka" pia ni "hadi", hatusemi "basi litakwenda mpaka Busia". Tunasema "hadi mjini Busia" au "hadi mpakani Busia".

Maneno yataendelea kubadilika. Kwa hiyo kabla ya kusoma tangazo, najiuliza: mama yule akilisikia, atakwenda wapi?

(Muziki.)