Likizo ya wanavyuo Wakristo: Mgeni njoo, mwenyeji apone

MTIHANI wa mwisho wa mwaka unapokamilika na mabweni kuanza kufungwa, wanafunzi wengi wa vyuo vikuu humu nchini hufunga virago na kurejea makwao. Wapo wanaokwenda kusaidia shambani, wapo wanaotafuta vibarua mjini na wapo wanaoanza mafunzo ya nyanjani katika afisi na viwanda.

Hata hivyo, lipo kundi jingine ambalo haliendi nyumbani moja kwa moja. Wanachama wake hupakia magodoro, sufuria na vipaza sauti kwenye basi la kukodi, kisha huelekea kijiji ambacho wengi wao hawajawahi kukikanyaga.

Hao ni wanachama wa miungano ya wanafunzi Wakristo, ambayo vyuoni hujulikana zaidi kama CU. Safari yenyewe, ambayo wao huiita misheni, huchukua siku chache au juma zima. Humo mna mahubiri, kazi za mikono, michezo, nyimbo na usiku mwingi wa mazungumzo.

Kwa mzazi aliyeuza ng'ombe ili kulipa karo, maswali hayakosi. Vijana hao huenda kufanya nini hasa? Nani hugharamia safari hizo? Na je, kijiji kinachowapokea hubaki na nini basi linapoondoka?

CHIMBUKO LA SAFARI

Desturi ya wanafunzi Wakristo kukusanyika kwa maombi na utume nje ya madarasa haikuanzia Kenya. Sehemu kubwa ya mizizi yake imo katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, ambako likizo ndefu ya vyuo huangukia majira ya kiangazi, kati ya Juni na Agosti.

Alasiri moja ya Agosti 1806, wanafunzi watano wa chuo cha Williams walitoka kwenda kuomba kichakani. Mvua ya radi ikawafumania, nao wakajikinga kando ya rundo la nyasi kavu. Hapo ndipo walipoazimia kupeleka Injili katika nchi za mbali. Miaka minne baadaye, azimio hilo lilichangia kuundwa kwa bodi ya kwanza ya Waamerika ya kutuma wamishonari ng'ambo, na kufikia 1812 watu wake wa kwanza walikuwa wameabiri meli kuelekea India.

Kiangazi kilichotia fora zaidi kilikuwa kile cha 1886. Mhubiri mashuhuri Dwight L. Moody aliwaalika wanachuo katika shule ya Mount Hermon, katika jimbo lilo hilo. Walifika vijana 251, wakakaa pamoja kwa takriban mwezi mmoja. Walisoma Biblia na kusikiliza wahadhiri, na katikati ya masomo wakapata nafasi ya michezo na matembezi.

Kambi hiyo ilipofungwa, vijana 100 kati yao walikuwa wametoa ahadi ya kuwa tayari kutumwa ng'ambo. Mmoja wao alikuwa John Mott, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell aliyekuwa na umri wa miaka 21. Mott huyo ndiye aliyeshiriki kuasisi shirikisho la dunia la wanafunzi Wakristo huko Vadstena, Uswidi, mnamo 1895, na hatimaye akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka wa 1946.

Kutokana na mkutano wa Mount Hermon, liliundwa mnamo 1888 vuguvugu la wanafunzi wa kujitolea ambalo katika miongo iliyofuata lilipeleka zaidi ya vijana 20,000 katika mataifa mbalimbali. Kwa hivyo, likizo ya mwezi mmoja tu ilibadili mwelekeo wa maisha ya watu wengi, wakiwemo wasiokuwa hata wamezaliwa wakati huo.

Hapa Kenya, miungano ya vyuo iliunganishwa chini ya shirikisho la FOCUS mwaka wa 1973, wakati ambapo Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa bado ndicho chuo kikuu pekee nchini. Shirikisho hilo ni mwanachama wa jumuiya ya kimataifa ya wanafunzi wa kiinjili, IFES, iliyoasisiwa mwaka wa 1947. Wanafunzi wa Kikatoliki nao wana vyama vyao, na katika nchi jirani ya Tanzania kuna vyama kama UKWATA.

Bila shaka, Kenya haina kiangazi cha aina ya Massachusetts. Mwezi wa Julai, wakati mwanachuo wa Boston anapovaa kaptura, mwenzake wa Limuru hujikunyata ndani ya koti zito. Isitoshe, kalenda za vyuo vyetu hutofautiana, hivyo basi misheni moja huweza kufanywa Mei na nyingine Agosti au Desemba. Lililobaki ni lile lile: matembezi, huduma na ushirika, vyote katika kapu moja.

FEDHA NA MAANDALIZI

Safari ya siku saba huhitaji miezi kadhaa ya maandalizi. Kwanza, kamati ya misheni hutafuta mahali. Aghalabu mwaliko hutoka kwa makanisa ya eneo fulani, au kwa mwanachama mwenyewe ambaye kwao kuna haja anayoifahamu.

Baada ya hapo, wajumbe wachache hutangulia kukutana na wazee wa kanisa, chifu na walimu wakuu wa shule. Hao ndio wanaojua ni wapi pana maji ya kutosha, ni shule ipi itakubali madarasa yake yageuzwe malazi na ni siku gani ya soko watu hawapatikani nyumbani.

Kuhusu fedha, mwanafunzi anayetegemea mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB) hana akiba ya kuchezea. Kwa sababu hiyo, kila msafiri hutoa mchango mdogo, na pengo lililobaki huzibwa kwa harambee, kadi za mchango, uuzaji wa vitafunio na barua kwa wahitimu wa zamani. Makanisa ya wenyeji nayo huchangia mahindi, maharagwe, kuni na akina mama wa kusaidia jikoni.

Mpango huu una funzo lake. Kijana wa miaka 20 aliyeshika kitabu cha hesabu cha safari ya watu 100 hujifunza kununua kwa jumla, kudai risiti na kuwaeleza wenzake kila shilingi ilikokwenda. Pale hesabu zinapofichwa, imani ya wachangaji huvunjika, na mwaka unaofuata kadi hurudi tupu.

SIKU YA MSAFARA

Siku huanza alfajiri kwa maombi. Kisha hufuata uji, na baada yake wanafunzi hugawanywa makundi. Baadhi huenda nyumba kwa nyumba, wengine huelekea shuleni kuzungumza na wanafunzi wa sekondari kuhusu masomo, mihadarati na maisha ya chuoni. Wengine huzuru wagonjwa hospitalini au wafungwa gerezani.

Wapo pia wanaobaki kupika, kuteka maji na kuosha sufuria. Zamu hizi hazimbagui mtu. Mwanafunzi wa udaktari na yule wa uhasibu hukutana kwenye jungu moja, na mara nyingi ni hapo ambapo urafiki wa kudumu huzaliwa.

Alasiri huwa ya michezo. Timu ya wageni hucheza kandanda na vijana wa kijiji, na kwa kawaida wageni, waliochoka kwa kutembea vilima kutwa, hutoka uwanjani wamefungwa. Jioni kuna mkutano wa hadhara wenye nyimbo, maigizo na mahubiri. Usiku, kabla ya kulala, kila kundi husimulia lililoyakuta.

Masimulizi hayo ya usiku ndiyo kiini cha ushirika. Mwanafunzi aliyekulia mjini husimulia alivyomkuta nyanya anayelea wajukuu watano peke yake. Mwingine hukiri kwamba aliulizwa swali kuhusu imani yake akakosa jibu. Hakuna anayechekwa.

HUDUMA YA KWELI AU UTALII?

Pamoja na sifa hizo, safari za aina hii zimewahi kukosolewa, wakati mwingine na Wakristo wenyewe. Hoja kuu ni kwamba siku saba hazitoshi kutatua tatizo lolote la maana. Wanafunzi huja, huimba, hupiga picha na watoto, kisha huondoka wakiwa na furaha kuliko wenyeji waliowaacha.

Hoja hii haipaswi kupuuzwa. Ukuta uliopakwa rangi na mikono isiyozoea kazi huenda ukahitaji kupakwa upya. Fundi wa kijiji ambaye angepata kibarua hicho hubaki akitazama. Nguo kuukuu zinazogawiwa bila mpango huzua ugomvi, na ahadi ya kulipia mtoto karo, ikitolewa kwa machozi ya siku ya mwisho, huweza kusahaulika kabla ya basi kufika barabara ya lami.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kipimo cha msafara, basi, ni kupona kwa mwenyeji. Misafara iliyofaulu huwa na mambo machache yanayofanana.

Kwanza, huduma huchaguliwa na wenyeji. Kijiji kikisema kinahitaji mtaro wa maji shuleni, wageni hawaleti ngoma na fulana. Wao huja na majembe, na fundi wa hapo hapo huwa msimamizi wao.

Pili, wanafunzi hutoa kile ambacho wanacho kweli. Mwanafunzi wa ualimu anaweza kufundisha hisabati, na yule wa kilimo akaeleza namna ya kupima udongo. Wanaosomea udaktari na uuguzi hushiriki kambi za matibabu, lakini chini ya wataalamu waliosajiliwa, kwa kuwa afya ya mtu si uwanja wa majaribio.

Tatu, kanisa au shule iliyowapokea huachiwa kazi inayoweza kuendelea. Miche 500 iliyopandwa bila mtu wa kuimwagilia ni kuni za msimu ujao. Miche 50 iliyokabidhiwa wanafunzi wa shule, kila mmoja na mti wake, ina nafasi ya kuwa kivuli.

Nne ni heshima. Wanafunzi wanapofika maeneo yenye Waislamu wengi, kama vile pwani na kaskazini mwa nchi, busara huwataka waeleze wazi wao ni akina nani na wamekuja kufanya nini, wavae kwa staha na wasitumie dawa au chakula kama chambo cha kubadili dini ya mtu. Msaada unaotolewa kwa sharti huacha uchungu, na wanaoubeba uchungu huo ni Wakristo wachache wanaoishi hapo mwaka mzima.

USHIRIKA HAUISHI NA SAFARI

Ipo dhana kwamba CU ni kimbilio la wanafunzi wasio na shughuli nyingine. Yaliyotokea Garissa yanatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Alfajiri ya Aprili 2, 2015, magaidi wa al-Shabaab walivamia chuo hicho, kilichokuwa wakati huo chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, na miongoni mwa waliowakuta ni wanafunzi Wakristo waliokuwa wameamka kwa maombi. Watu 148 waliuawa, wengi wao wakiwa wanafunzi. Masomo yalirejelewa Januari 2016.

Vijana walioamka alfajiri hiyo walikuwa wakifanya jambo la kawaida kabisa, lile lile linalofanywa kila asubuhi katika madarasa ya misheni kote nchini. Tangu hapo, mzazi anayemruhusu mwanawe kusafiri na wenzake ana haki ya kuuliza kuhusu usalama, na kamati isiyo na jibu haifai kukodi basi.

Kwa upande mwingine, ushirika huu ndio humsitiri mwanafunzi wakati wa dhiki. Anapofiwa, anapofeli somo au anapokosa nauli, wa kwanza kubisha mlango wake huwa aliyekula naye ugali kwenye darasa la shule ya msingi, mbali na nyumbani. Katika miaka ambayo msongo wa mawazo umewaandama vijana wengi vyuoni, mlango unaobishwa si jambo dogo.

Hatari ipo baada ya kuhitimu. Wengi waliokuwa moto vyuoni hujikuta peke yao mjini, bila kazi na bila kundi. Ndiyo maana FOCUS ina mpango wa mwaka mmoja, ufahamikao kama STEM, ambapo wahitimu hujitolea kuhudumu miongoni mwa wanafunzi kabla ya kushika njia nyingine za maisha. Wahitimu wengine huendelea kuunga mkono misheni kwa fedha na ushauri, wakijua kuwa wao pia walilipiwa na wasiowajua.

Wahenga pia walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwanafunzi anayeandaa begi lake msimu huu angefanya vyema kutosubiri hiyo siku ya tatu. Na basi likiisha kuondoka, atakayejua kama safari ilifaa si yule aliyeko dirishani akipunga mkono. Ni mama wa kijiji anayerudisha madawati mahali pake, kisha akaenda kutazama kama mtaro unapitisha maji.