Redio ya Japani, Mawimbi ya Tabora

Toyota IST ikifika Tabora kutoka Japani, injini huwa nzima, lakini redio ni karibu bubu. Redio hiyo hupokea FM ya megahezi 76 hadi 90. Stesheni za Tanzania ziko kati ya 87.5 na 108.

Dawa ya bei nafuu ni kifaa cha kushusha masafa kwenye waya wa antena. Kikishusha 15, stesheni ya 100 hunaswa kwenye 85. Sauti, mara nyingi, hukwaruza.

Bora kubadili redio yenyewe. Nafasi ya dashibodi ya Toyota ya Japani ina upana wa milimita 200, redio nyingi za kununua 178, basi pengo huzibwa kwa fremu. Kwenye redio mpya waya wa njano huleta umeme wa betri muda wote, mwekundu husubiri ufunguo, mweusi ni ethi. Fundi akibadilisha njano na nyekundu, redio husahau stesheni kila gari likizimwa.

Sabufa? Buti la IST limeungana na chumba cha abiria, ndogo inatosha. Waya wa umeme wa amplifaya yake utoke betrini, na fyuzi iwe karibu na betri.

Anayefuata njia ya misafara ya zamani kuelekea Ujiji, kupitia Urambo na Kaliua, aweke na flashi: stesheni za mjini humwacha njiani.