Handeni: Kwa nini panya wanatoboa mipira ya dripu, na mkulima afanye nini

Jioni mkulima anajaza tanki, anafungua koki na kwenda kulala akijua bustani yake itanyweshwa usiku kucha. Asubuhi anakuta mstari mmoja wa nyanya umegeuka tope na mingine mikavu. Anaufuata mpira taratibu mpaka analikuta tundu dogo. Kingo zake zimekatwa kama kwa patasi mbili ndogo zilizopangwa sambamba.

Panya.

Kwa bustani iliyo kando ya mto, hiyo ni kero tu. Kwa Misima na vijiji vingine vya Handeni, ni hasara kubwa. Hili ni eneo kavu la Mkoa wa Tanga, ambako kwa miaka mingi watu wametegemea malambo, visima, maji ya mvua na mradi mkongwe wa HTM unaovuta maji ya Mto Pangani kutoka upande wa Korogwe. Handeni imeingizwa pia kwenye mradi wa maji wa miji 28 unaogharamiwa kwa mkopo kutoka India. Lakini mwenye nyanya shambani anahesabu ndoo za leo.

Tundu moja linakula maji kiasi gani?

Kwenye mipira mingi, kila kitundu cha dripu hutoa lita 1 hadi 2 kwa saa. Sasa tuseme panya ametoboa tundu linalovuja lita 2 kwa dakika. Hizo ni lita 120 kwa saa, sawa na maji ya miche 60 hadi 120 yanayomwagika sehemu moja.

Na haliishii hapo. Msukumo wa maji unashuka, kwa hiyo miche ya mwisho wa mstari haipati kitu. Ukifunga koki, udongo unaingia kupitia tundu lile na kuziba vitundu vingine. Mkulima anaweza kuziba uvujaji Jumatatu, halafu Alhamisi akashangaa kwa nini nusu ya mstari bado haitoi maji.

Kwani plastiki ina utamu gani?

Haina. Meno ya mbele ya panya hayaachi kukua, yanaweza kuongezeka zaidi ya sentimita 10 kwa mwaka, na asipotafuna kitu yatamzuia kula. Mpira laini uliolala kwenye njia yake ni kitu cha kutafuna kama mzizi au ubua wa mahindi.

Sababu ya pili ni kiu. Mahindi ya masika yakishavunwa, shamba linabaki na mabua na punje zilizodondoka, na panya wamejaa. Chakula kikipungua na ardhi ikikauka, bustani ya dripu ndiyo inabaki na kijani na unyevu. Panya anakwenda huko, na maji yako ndani ya plastiki nyembamba.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, Morogoro, wamemchunguza panya shamba kwa miongo kadhaa. Wanachosema kinaeleweka kwa mkulima yeyote: kuzaana kwake kunafuata mvua. Mimba ni wiki 3 na siku chache tu, na mzao mmoja unaweza kuwa na watoto zaidi ya 10. Kwa hiyo kusubiri uone matundu ndipo uanze kuhangaika ni kuchelewa.

Hakikisha kwanza ni panya kweli

Panya anasingiziwa sana. Mkato mmoja ulionyooka, bila alama za meno, mara nyingi ni jembe la wakati wa kupalilia. Mpira uliovutwa na viungio vyake kuchomoka, fikiria tumbili, nyani au mbuzi wa jirani. Ukikuta udongo umefukuliwa na mpira umekatwa vipande, huenda ni nungunungu aliyekuwa anatafuta mizizi. Vitundu vidogo mno vinaweza kuwa vya wadudu, wakiwemo sisimizi.

Inafaa kujua, maana dawa ya jembe si mtego.

Hata kwenye theluji wanalia

Kule Canada na kaskazini mashariki mwa Marekani kuna mti unaoitwa maple. Utomvu wake unavunwa mwishoni mwa majira ya baridi na kuchemshwa kuwa sharubati. Siku hizi wakulima wengi hawabebi ndoo. Utomvu unapita kwenye mipira ya plastiki iliyofungwa kutoka mti hadi mti mpaka kwenye tanki. Na kindi wanaitafuna, ingawa iko hewani.

Hawajawahi kuwamaliza kindi. Wanachofanya ni kuwahi kujua wapi panavuja. Mtandao wa mipira umegawanywa kwa matawi, pampu inanyonya hewa, na kipimo kikionyesha mvuto umeshuka kwenye tawi fulani, mtu anatembea tawi hilo tu badala ya msitu mzima.

Bustani ya robo eka haihitaji pampu wala kipimo. Wazo lile lile linafanya kazi kwa koki za bei ya kawaida: gawa bustani sehemu 3 au 4, kila moja na koki yake. Panya akitoboa, unafunga sehemu moja na nyingine zinaendelea kunywa.

Cha kufanya shambani

Jambo la kwanza halina gharama: usifungulie maji ukaenda kulala. Mwagilia alfajiri, tembea kwenye mistari maji yakiwa yanatoka, utaona tope kabla tanki halijaisha. Ukiondoka, koki ya tanki ifungwe.

La pili ni usafi. Panya hapendi kuvuka uwazi, anaogopa bundi na paka. Fyeka mita kadhaa kuzunguka bustani, ondoa mabua na marundo ya nyasi. Hapa kuna mgongano kidogo, kwa sababu matandazo ya nyasi yanatunza unyevu na hapohapo yanampa panya maficho. Handeni huwezi kuacha matandazo, ila yaweke membamba na uyafunue mara kwa mara kuangalia mashimo.

Mpira wenyewe nao una mchango. Ule mwembamba kama utepe ni rahisi kununua na ni rahisi kutafuna. Mpira mnene unauma mfukoni mwanzoni, lakini anayebadilisha utepe kila msimu ajumlishe hela zake vizuri. Kuufukia sentimita chache husaidia dhidi ya mifugo na jembe, ingawa panya anaweza kuchimba na uvujaji unakuwa mgumu kuuona. Msimu ukiisha, usiuache shambani. Ukunje, uutundike juu.

Wapo wanaoweka vyombo vya maji pembezoni ili panya anywe huko. Vinaweza kupunguza utafunaji, lakini mahali ambapo maji ni ya kubeba kichwani si kila mtu atakubali.

Mitego inafaa ikitegwa mapema, kabla ya mvua kuwazalisha. Ndoo iliyofukiwa usawa wa ardhi, maji nusu, chambo cha karanga juu yake, inakamata wengi kwa usiku mmoja. Ifunike mchana watoto wasitumbukie.

Vipi kuhusu sumu?

Iwe ya mwisho, tena iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Sumu ya kupimiwa kwenye karatasi sokoni hujui ni nini. Inaweza kuua paka, mbwa, na bundi anayekula panya mgonjwa. Bundi wengi wanauawa kwa sababu ya imani za uchawi, wakati bundi mmoja anaweza kula mamia ya panya kwa mwaka.

Panya aliyekufa usimshike kwa mkono mtupu. Lushoto, mkoa huohuo wa Tanga, ilipata milipuko ya tauni kuanzia 1980, na ugonjwa ulirudi tena na tena kwa zaidi ya miaka 20. Viroboto wa panya ndio wanaoueneza. Tumia koleo au mfuko, kisha umfukie.

Kwa nyani na nungunungu, kuua bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009. Pitia kwa mtendaji wa kijiji akuunganishe na ofisa wanyamapori wa wilaya.

Likishatobolewa

Kata kipande kilichoharibika kwa mkato ulionyooka, unganisha kwa joini ya saizi ya mpira wako. Huna joini? Kipande cha tyubu ya baiskeli kilichokazwa vizuri kitakusogeza siku chache. Kisha fungua mwisho wa mstari, acha maji yatoke kwa nguvu mpaka yawe meupe, ndipo ufunge.